King'ora cha gari lako kinatumia umeme wa nani?

Hapa kwa kawaida tunaongea mambo ya programu na kompyuta, lakini leo nataka tuongee kuhusu gari, hasa king'ora cha kengele ya wizi. Msiniache njiani. Mtaona kwamba ni ugonjwa ule ule wa kompyuta, umebadilisha nguo tu.

Nina Toyota ya zamani, ile aina ambayo kila mtaa wa Nairobi una kumi. Nilipoinunua haikuwa na kengele, nikaipeleka kwa fundi. Fundi akaniuliza, "Bosi, unataka king'ora kimoja au viwili?" Nikasema viwili. Alipomaliza akabonyeza rimoti, na watu waliokuwa ng'ambo ya barabara wakageuka kutazama. Nikalipa nikiwa nimefurahi, nikarudi nyumbani nikijiona mtu aliyemaliza tatizo.

Tangu siku hiyo nikaacha kuegesha gari chini ya taa, karibu na kibanda cha soja. Nilikuwa naliacha mwisho wa ploti, penye nafasi. Si lina ving'ora viwili?

Asubuhi moja nikatoka kwenda kazini, nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Kufika karibu naona boneti imerudishwa bila kufungwa, betri haiko, na vioo vyote viwili vya pembeni vimeng'olewa.

Mzee anayelinda ploti alikuwa bado hajaondoka. Nikamuuliza, "Mzee, usiku hukusikia chochote?" Akanijibu, "Kijana wangu, ningesikia ningekuja. Hilo gari lako halikulia." Nilimkasirikia kwa dakika tano hivi. Halafu nikaanza kukagua, nikaona alisema kweli. Gari halikulia, na kwa jinsi lilivyofungwa nyaya, lisingeweza kulia.

Nilifuata waya mmoja mmoja, kama ninavyofuata kosa ndani ya programu. Ving'ora vyote viwili na sanduku la kengele vilikuwa vinachukua umeme sehemu moja tu, kwenye terminali ya betri, kupitia fyuzi moja. Viungo vilisokotwa kwa mkono na kufungwa tepu nyeusi. Swichi ya boneti haikuwekwa kabisa, kwa hiyo kengele ilikuwa inajua habari za milango tu. Mwizi hakuhitaji elimu yoyote. Alivuta kebo ya boneti kutoka mbele, akakata waya wa betri, na mfumo wote ukalala. Vioo alivitoa baadaye, bila haraka.

Haya, sasa maoni yangu, na najua mafundi wengine hawatayapenda. King'ora kinachotegemea betri ya gari peke yake ni pambo. Kinamtisha mtoto aliyegonga gari kwa mpira, lakini mwizi anayejua betri iko wapi hakimsumbui. Na kosa si la fundi tu. Sisi wateja tunaponunua kengele tunauliza swali moja: inalia kwa nguvu gani? Swali la kwanza lingekuwa hili: inalia kwa umeme wa nani?

Kila mtu aliyefanya kazi na kompyuta hapa Kenya anaijua sauti ya UPS. Stima ikipotea, lile sanduku chini ya meza linaanza kulia pii, pii, pii. Sasa fikiria, linalia wakati gani? Wakati stima haipo. Kukosa stima ndiyo habari yenyewe, na sanduku lina betri yake ndani ili liweze kuitangaza habari hiyo. Je, ungenunua UPS isiyo na betri, inayolia kwa stima ya ukutani peke yake? Mimi nilinunua. Nilinunua mbili, nikazifunga kwenye gari.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba somo hili nilikuwa nimeshafunzwa kazini. Niliwahi kuandika programu ndogo ya kunakili data ya mteja kila usiku, nikaiagiza initumie barua pepe ikishindwa. Wiki zikapita bila barua pepe, nikajua mambo ni mazuri. Siku mteja alipohitaji nakala, tukagundua seva yenyewe ilikuwa imezimwa siku nyingi. Programu iliyokufa haiwezi kukuandikia kwamba imekufa. Siku hizi programu zangu hunitumia ujumbe kila asubuhi zikiwa nzima, na ni ujumbe usipofika ndipo nashtuka. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa mtu wa mitambo, maana yake ni kwamba usihesabu kimya kuwa usalama mpaka ujue kimya hicho kimetoka wapi.

Basi tuingie kwenye nyaya. Nitaeleza polepole, kwa sababu ukielewa hapa hakuna fundi atakayekudanganya.

Kwanza, ving'ora si vya aina moja. Kuna kile chenye sakiti yake ndani, ambacho ukikipa volti 12 kinalia chenyewe. Kina waya mwekundu na mweusi, basi. Kuna kingine ambacho ni spika tu, kinahitaji sanduku likitengenezee mlio. Ukikipa spika volti 12 moja kwa moja haiimbi. Inapata joto na kuungua.

Pili, angalia waya wa king'ora unaotoka kwenye sanduku la kengele unatoa nini. Kuna masanduku yanayotoa chanya yenye nguvu ya kuendesha king'ora kimoja. Mengine hutoa hasi dhaifu, miliampea 200 au 500 hivi, na kazi ya hasi hiyo ni kuamsha relei tu. Sasa piga hesabu. King'ora cha wati 20 kwa volti 12 kinakula ampea 1.7 hivi. Viwili ni ampea 3.3. Ukifunga viwili kwenye waya uliotengenezewa kimoja, siku ya kwanza vitalia vizuri mbele yako. Siku nyingine sanduku litaungua ndani, na hutajua mpaka siku ya shida.

Dawa yake ni relei ya kawaida ya gari, ile yenye namba chini. Namba 30 ipeleke kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi. Namba 87 iende kwenye waya mwekundu wa ving'ora. Namba 86 ipate chanya, na 85 iungwe kwenye ule waya hasi wa sanduku. Kama sanduku lako linatoa chanya, basi 86 inapokea chanya hiyo na 85 inakwenda kwenye bodi ya gari. Weka daiodi ndogo kati ya 85 na 86, upande wenye mstari ukielekea chanya, kwa sababu koili ya relei ikizimwa hurusha volti nyingi zinazoweza kuua transista ya sanduku. Ving'ora viwili vifungwe sambamba, kila kimoja kipate volti 12 zake. Ukivifunga kwa mfuatano vitagawana volti 6 kila kimoja, na vitatoa sauti ya mgonjwa.

Tatu, fyuzi. Fyuzi inalinda waya, king'ora chenyewe si kazi yake. Ndiyo maana inakaa karibu na betri. Ikikaa mbali, kipande chote cha waya kilicho kabla yake hakina ulinzi, na kikigusa bodi una moto ndani ya boneti. Kwa ampea 3.3, waya wa milimita moja ya mraba na fyuzi ya ampea 5 zinatosha. Ving'ora vipate fyuzi yao na sanduku lipate yake. Hapo mwizi akigusanisha waya wa king'ora na bodi, fyuzi ya king'ora itakatika lakini sanduku litabaki hai na litaendelea kuzuia injini isiwake.

Nne, hasi. Ving'ora vingi vinavyonong'ona tatizo lao liko hapa. Ule waya mweusi umefungwa kwenye skrubu iliyopakwa rangi. Kwangua rangi mpaka uone chuma, kaza, halafu paka grisi kidogo juu yake. Na ile desturi ya kusokota nyaya na kufunga tepu, tafadhali iachwe. Kiungo kikiingia kutu na kufikisha omu moja tu, kwa ving'ora viwili zaidi ya volti 2 zinapotelea hapo njiani.

Sasa kuhusu ile furaha yangu ya ving'ora viwili. Ving'ora viwili vinavyofanana havitoi kelele mara mbili kwa sikio. Vinaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili inahitaji kama desibeli 10. Kwa upande mwingine, kila umbali unapoongezeka maradufu mahali pa wazi, sauti inapungua desibeli 6. Kwa hiyo king'ora cha pili karibu na cha kwanza ni hasara. Kingewekwa ndani ya gari, chini ya dashibodi. Mwizi anaweza kuvumilia kelele akiwa amesimama nje, lakini kukaa nayo ndani ya kichumba kidogo kilichofungwa ni kazi nyingine.

Sasa turudi kwenye swali langu. Hata ukifanya yote hayo kwa usafi, betri ikikatwa king'ora kitanyamaza. Nilijaribu kulitatua mwenyewe, na nitawaeleza nilivyoaibika.

Relei ya miguu mitano ina namba nyingine, 87a, ambayo imeungana na 30 wakati relei imelala. Nikasema, hii ndiyo UPS yangu. Nikachukua betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ile iliyo ndani ya UPS nyingi, nikaificha ndani ya gari. Nikaipeleka kwenye 30, king'ora kwenye 87a, na koili nikaiendesha kwa betri kubwa ya gari. Betri kubwa ikiwepo, koili inavuta na king'ora kinanyamaza. Mtu akikata betri kubwa, koili inaachia na king'ora kinalia kwa betri ndogo. Nilijaribu, kikalia. Jirani zangu mashahidi.

Halafu nikasafiri kwa wiki moja. Niliporudi, gari haliwaki. Sikuwa nimepiga hesabu. Koili ya relei inakula kama ampea 0.15. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 3.6, na kwa siku 7 ni ampea-saa 25. Betri yangu yote ni ya 45. Nilikuwa nimejenga mlinzi anayekula mshahara wote wa nyumba. Linganisha na sanduku la kengele linalokula miliampea 20: hizo ni karibu ampea-saa 0.5 tu kwa siku. Wazo lilikuwa sawa, lakini kazi ya kuchunga betri ilitakiwa kufanywa na sakiti ndogo ya transista inayokula miliampea chache.

Mwishowe nilinunua kitu ambacho kimekuwa kikiuzwa miaka yote: king'ora chenye betri yake ndani. Kina waya wa chanya ya kudumu unaochaji ile betri, waya wa hasi, na waya wa amri kutoka kwenye sanduku. Chanya ya kudumu ikikatwa, kinalia chenyewe. Kina tundu la ufunguo la kukizima wakati fundi anabadilisha betri. Ufunguo huo usiuache ndani ya gari, na usiupoteze, maana siku ya kubadilisha betri utaukumbuka.

Lakini hata hiki si cha kufunga na kusahau. Betri ile ndogo inazeeka. Ikizeeka inavuja, na uchafu wake unakula sakiti, na unabaki na pambo lile lile la mwanzo. Ndiyo maana mara moja kila miezi michache mimi hufanya jaribio la kijinga kabisa: nafunga gari, nafungua boneti kwa ufunguo wangu, nachomoa waya wa betri. Kikilia, nashukuru na kuwaomba jirani msamaha. Kisipolia, nimejua kabla ya mwizi. Sisi watu wa programu tunapenda kujaribu kama kitu kinafanya kazi kila kitu kikiwa sawa. Jaribio lenye faida ni lile la kuvunja.

Nakiweka mbali na bomba la moshi kwa sababu ya joto, na mdomo wake unatazama chini ili maji ya mvua yasikae ndani.

Najua kuna watakaosema, siku hizi nani anasikiliza ving'ora? Kila usiku mtaani kuna gari linalolia kwa sababu paka amepita, na hakuna anayeamka. Nakubali kabisa. King'ora kinacholia ovyo kinaharibu kazi ya vingine vyote. Kanuni namba 116 ya Umoja wa Mataifa, ambayo hutumika hasa Ulaya, inataka mlio wa kengele ya gari udumu sekunde 25 hadi 30 tu, na naona ni busara. Kama chako kinalia kwa dakika nyingi, kirekebishe, na upunguze ukali wa sensa ya mtikisiko. Lakini tazama pia nyaya. Swichi ya boneti iliyoingia kutu, au hasi iliyolegea, inaweza kuamsha kengele bila mtu. Mara nyingi king'ora cha kero na king'ora cha kimya vimetoka kwa kazi ile ile mbovu.

Wengine watasema, achana na ving'ora, weka kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Sawa, ni kizuri. Lakini kiulize swali lile lile: umeme wa nani? Kama hakina betri yake, betri ya gari ikikatwa na chenyewe kimekwisha. Vilivyo bora vina betri ndani, na hutuma ujumbe umeme ukikatwa.

Kitu kimoja tu kwenye gari nakipa alama zote bila swali, nacho ni imobilaiza inayotoka kiwandani, ambayo magari mapya ya Ulaya yamelazimika kuwa nayo tangu 1998. Kisipopata umeme, gari haliwaki. Yaani kukata umeme kunamsaidia mwenye gari. King'ora cha kawaida ni kinyume: kukata umeme kunamsaidia mwizi. Ukijenga chochote cha ulinzi, iwe gari au programu, jiulize kikifa kitaangukia upande wa nani.

Basi ukienda kwa fundi wiki hii, iwe ni Kirinyaga Road au hapo mtaani kwenu, muulize haya kwa heshima, kabla hajashika bisibisi:

1. Nikichomoa betri sasa hivi, kitalia?
2. Boneti ina swichi yake?
3. Kuna relei, na king'ora kina fyuzi yake karibu na betri?
4. Viungo umevichomelea kwa risasi au umevisokota?
5. Waya wa hasi umeufunga kwenye chuma kilichokwanguliwa?

Fundi mzuri atafurahi kwamba mteja anajua anachonunua. Fundi atakayekujibu, "Bosi, wewe ngoja nikuonyeshe inavyolia," mwambie asante na umuombe akuonyeshe betri ikiwa imetolewa.

Mimi vioo nilinunua vingine, na bado nina mashaka kwamba nilinunua vyangu mwenyewe. Gari sasa linalala chini ya taa, karibu na kibanda. Yule mzee nilimwomba radhi kwa zile dakika tano, na nikamwonyesha jaribio la betri ili aujue mlio. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa hiki nitakisikia." Yeye hana kamera wala setilaiti, ila akisikia anakuja. Deni langu kwake lilikuwa king'ora chenye uwezo wa kumwita.

Haya, nendeni mkachomoe betri zenu. Lakini iwe mchana.